Mkono Wako Katika Kitabu cha Mwenzako

Kazi yangu ni kuwafundisha wanaofundisha. Wakufunzi na wahadhiri wa vyuo vya Unguja, Pemba na Tanga huja na kompyuta zao, nami huwaonyesha namna ya kutafuta vitabu na moduli zilizotolewa kwa leseni huria, yaani kwa ruhusa ya wenyewe ya kuzitumia na kuzirekebisha, kuzipima, kuzifasiri, kupunguza yasiyotufaa, kuongeza ya kwetu, na kuzirudisha mtandaoni ili wengine nao wazichukue. Watu wakisikia hivyo hudhani jambo gumu ni intaneti. Intaneti ikikatika tunangoja irudi, na bando likiisha tunanunua jingine. Jambo gumu huja kabla ya chai ya saa nne, na huulizwa kwa sauti ya chini na mtu mzima aliyesomesha miaka mingi: "Maalim, hivi ni halali kutia mkono wangu katika kitabu cha mtu?"

Waandaaji wengi wa warsha hujibu haraka kwamba leseni inaruhusu, tuendelee. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Aliyeuliza hakutaka kujua kama atashtakiwa. Alitaka kujua kama kitendo chenyewe ni chema, na kama yeye, mkufunzi wa wilayani, ana haki ya kufuta aya iliyoandikwa na profesa wa ng'ambo na kuweka ya kwake. Hilo ni swali la dini na la falsafa kabla halijawa la sheria. Elimu ina mwenyewe? Na kama inaye, aliyeipokea ana mamlaka gani juu yake?

Kwanza nieleze woga ule unatoka wapi, kwa sababu ni woga wa heshima. Wengi wetu pwani hii tulianza kusoma chuo cha Qur'ani kabla ya skuli. Tulikaa mkekani na juzuu mbele yetu. Ukisoma fatha pahali pa kasra, maalim anakurudisha nyuma. Ukivuta pasipo na madda, anakurudisha tena. Huendi mbele mpaka herufi itoke mahali pake. Mtoto wa miaka sita anajifunza hapo jambo ambalo halitamtoka maisha yake yote: yako maandishi ambayo mwanadamu hana ruhusa ya kuyaongeza wala kuyapunguza hata nukta. Kwa Qur'ani ni hivyo, na ndivyo itakavyokuwa. Lakini mtoto yule anakua, anasoma fizikia na baiolojia, anaajiriwa kusomesha walimu, na heshima ileile anaibeba hadi kwenye kitabu cha kiada kilichopigwa chapa London. Anakisomesha kama kilivyo, na makosa yake, na misimu yake minne, na reli zake za chini ya ardhi, mbele ya vijana ambao wengi wao hawajawahi kupanda gari moshi. Akiulizwa kwa nini, anajibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema.

Tunachosahau ni kwamba palepale chuoni palikuwa na rafu ya pili. Tukishahitimu msahafu tulianzishiwa Safina, kile kijitabu chembamba cha fiqhi alichokiandika Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefariki Batavia mwaka 1855. Mwandishi aliishia kwenye zaka. Mlango wa funga tunaousoma leo uliongezwa na Sheikh Nawawi wa Banten, mwanachuoni wa Kijava aliyesomesha Makka. Kitabu kikaendelea kuitwa Safina, bin Sumayr akaendelea kuwa mwenye kitabu, na Nawawi akajulikana kwa alichoongeza. Sijamsikia hata maalim mmoja akilalamika kwamba bin Sumayr ameibiwa.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni Minhaj, kitabu ambacho wanachuoni na makadhi wa pwani yetu wamekitegemea kwa vizazi. Imamu Nawawi, yule wa Nawa katika nchi ya Sham, aliyefariki mwaka 1277, hakukibuni peke yake. Alichukua Al-Muharrar cha Imamu Rafii wa Qazwin, akakifupisha ili wanafunzi waweze kukihifadhi. Rafii naye alikuwa amejenga juu ya kazi za Ghazali, na Ghazali juu ya kitabu kikubwa cha mwalimu wake Juwayni. Fungua dibaji ya Minhaj uone adabu ya mtu anayerekebisha kazi ya mwenzake. Anakitaja kitabu anachokifupisha na kukisifu. Anaeleza kwa nini aliona haja ya kukigusa: ni kirefu, na wengi wa zama zake hawawezi kukihifadhi. Anasema atakachofanya, kwamba maneno mageni na yenye kutatiza atayabadilisha kwa yaliyo wazi, panapohitaji kusahihishwa atasahihisha, na masuala yasiyofaa kukosekana atayaongeza. Kisha anaweka alama. Nyongeza zake anazianza kwa "qultu", yaani nimesema mimi, na anazifunga kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Karne saba na zaidi zimepita, na msomaji akipita katika kurasa zile bado anajua hapa anasema Rafii na hapa anasema Nawawi.

Nikiwasimulia wakufunzi habari hii ukumbi hubadilika. Wengi wamekiona kitabu chenyewe kwa babu zao, kurasa zake zimejaa maelezo ya pembeni, mkono juu ya mkono, huyu akifafanua, yule akimpinga aliyefafanua. Hawakuwa wamefikiri kwamba kile walichokiona utotoni ndicho hiki ninachowaita wakifanye leo. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002, zinamtaka anayerekebisha ataje kazi aliyoichukua na mwandishi wake, aonyeshe leseni, na aseme kama amebadilisha kitu. Wanasheria wa Marekani wameliandika kwa lugha yao. Sisi tulikuwa nalo katika dibaji ya kitabu cha fiqhi.

Lakini adabu hii inasimama juu ya nini? Naamini inasimama juu ya amana. Elimu ingekuwa mali yangu kama shamba, ningeweza kuizungushia ua, kuiuza, hata kuiacha ipotee nisidaiwe na mtu. Ingekuwa mali ya mwingine tu, ingenibidi niirudishe kama nilivyopewa, bila kugusa. Haiko hivi wala vile. Aliyepewa elimu ameaminiwa kitu ambacho kina mtu wa tatu anayekidai, naye ni yule asiyejua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwonya vikali mtu anayeulizwa jambo alijualo akalificha, kwamba atavishwa hatamu ya moto Siku ya Kiyama. Onyo hilo halina maana kama mjuzi hadaiwi. Sista mmoja wa Kikatoliki, mkufunzi kutoka bara, aliposikia hayo katika warsha alisimama akatukumbusha mfano wa Yesu wa yule mtumishi aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini kwa kuogopa kuipoteza. Alirudisha ileile aliyopewa, haikupungua, na bado alihesabiwa mtumishi mbaya. Sista alisema kwamba mhadhiri anayesoma slaidi za watu neno kwa neno miaka kumi, yeye humwona ndani ya mfano ule. Nakubaliana naye.

Hapa ndipo ninapoona kwamba kurekebisha ni wajibu, wala si ruhusa peke yake. Kijana wa Micheweni ukimweleza mfumo wa ikolojia kwa msitu unaopukutisha majani wakati wa baridi, ukaishia hapo, umemwonyesha ukurasa na kumficha elimu. Maneno ameyaona, ameyakariri, ameyajibu kwenye mtihani, na akitoka nje hajui kwamba anachokipita kila siku ni kilekile alichokisoma. Sisemi asijue habari za theluji. Azijue, kwani dunia yote ni ya Mungu. Lakini aanze na palipo chini ya miguu yake.

Kikundi kimoja cha wakufunzi wa baiolojia kilichukua sura ya aina hiyo kutoka Concepts of Biology, kitabu cha mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice huko Houston, kilichotolewa kwa leseni inayodai jambo moja tu, kutaja kilikotoka. Maelezo ya joto, mvua na mwanga waliyaacha yalivyo, kwa kuwa yalikuwa mazuri kuliko ambayo wangeandika wao. Walichoongeza ni sehemu ndefu juu ya mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Aliyeiandika ni mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa kijiji cha karibu. Alitaka mpangilio wa miti uelezwe kuanzia baharini kwenda nchi kavu: mlilana mbele, palipo na wimbi; nyuma yake mkoko wenye mizizi iliyoshuka kama miguu mingi; kisha msinzi na mkandaa; na ukingoni, ambako maji hufika mara chache na chumvi hubaki, mchu. Alieleza kwamba tope la pale halina hewa, ndiyo sababu mlilana na mchu husimamisha vijizizi juu ya tope kupumulia. Alieleza kwamba mchu hutoa chumvi kwa majani yake, na kwamba mwanafunzi akipitisha ulimi juu ya jani ataionja. Mwenzake mmoja alitaka jambo hilo la ulimi liondolewe kwa sababu halionekani kama la kitabu. Likabaki.

Ilipofika kwenye kutaja vyanzo, mama yule akasita. Kwa nusu ya kwanza jibu lilikuwa jepesi: kitabu, waandishi, leseni, mabadiliko. Nusu ya pili hakuitoa kitabuni. Mpangilio ule wa miti aliupata kwa baba yake, mkata boriti wa zamani, asiyeandika kitu maishani mwake. Je, amtaje? Wenzake waligawanyika. Mmoja alisema chanzo ni maandishi, na maneno ya mzee hayana ukurasa. Mwingine alisema wanachuoni walipokea hadithi kwa mlolongo wa majina ya watu muda mrefu kabla ya kurasa, na mlolongo ule ndio uliozipa uzito. Nilimwomba ampigie simu mzee. Mzee alikubali jina lake liandikwe, ila alitaka jambo moja lisikosekane: vijana waambiwe kwamba mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na mkoko ukikatwa chini hauchipui, ndiyo imekwisha. Yako maeneo ambayo yeye aliyaona yakiwa meusi kwa mikoko na sasa ni tope tupu. Sentensi hiyo imo katika ile sura, na jina la mzee limo chini yake, mstari mmoja baada ya jina la kitabu cha Houston.

Naikumbuka saa ile kuliko mada yoyote niliyowahi kuitoa kwa projekta. Swali la "mimi ni nani hata nirekebishe" lilijibiwa pale bila hotuba. Mwenye kurekebisha anaingia katika mlolongo wa waliojua kabla yake, wa mbali na wa karibu, anapokea kwa majina na anatoa kwa jina lake.

Mzee alitoa kwa sharti, na sharti ni jambo ambalo dini yetu inalijua vizuri. Katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioasisi Habib Saleh, yamehifadhiwa maandiko ya mkono ambayo baadhi yake yameandikwa kuwa ni wakfu, yatumiwe na wanafunzi. Maandiko hayo yamepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na mtu akiwa popote anaweza kuyaona bila malipo. Wakfu una kanuni zake. Anayetoa lazima awe anamiliki anachokitoa. Akishatoa, harudi nyuma. Sharti aliloliweka, maadamu halipingani na dini, linafuatwa hata akiwa amekufa. Weka kanuni hizo kando ya leseni za Creative Commons uone zilivyokaribiana. Mwandishi anaweza kutoa leseni kwa sababu hakimiliki ni yake. Akishaitoa hawezi kumnyang'anya aliyekwisha kuipokea. Na ana masharti yake ya kuchagua: nitaje, utakachotengeneza nacho ukitoe kwa leseni hii hii, usikifanyie biashara, usikibadilishe.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaowaambia wakufunzi kwamba elimu ni ya Mungu, basi chukua popote, kopi ni kopi. Mwaka 1988 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, iliamua kwamba haki ya mtunzi juu ya kazi yake ni haki inayolindwa kisheria na haifai kuvamiwa. Naona uamuzi huo ni wa haki. Elimu ni amana, lakini usiku wa mtu aliyekaa kuiandika ni usiku wake. Kitabu kinachozunguka kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa ya mwenyewe hakigeuki kuwa huria kwa sababu kimefika kwenye simu yako. Kilichowekwa wazi mtandaoni nacho hakijatolewa mpaka mwenyewe aseme ametoa. Hili nalirudia katika kila warsha, kwa kuwa ndilo linalochanganya watu zaidi. Na palipoandikwa usibadilishe, hatubadilishi. Tunakisoma kama kilivyo au tunatafuta kingine.

Baada ya hapo mtu huinuka na kuuliza la tumbo. Mwalimu atakula nini? Swali hili si la tamaa, na wanachuoni walilijadili kabla yetu. Abu Hanifa alikataa mtu kuchukua ujira kwa kusomesha Qur'ani. Wanachuoni wa madhehebu yake waliokuja baadaye walikubali, na sababu waliyoitoa inafaa kutazamwa kwa makini: zile posho ambazo walimu walikuwa wakipewa kutoka hazina ya umma zilikuwa zimekatika, na walihofia kwamba bila ujira hapatabaki mtu wa kusomesha, elimu ikapotea. Ruhusa ilikuja kuokoa elimu, mahali ambapo umma ulikuwa umeacha kumlisha mwalimu.

Sasa geuza hoja hiyo uitazame hali yetu. Mhadhiri wa chuo cha umma analipwa mshahara kutoka kodi. Muda aliouandikia kitini chake ni muda uliokwisha kulipiwa na mama muuza urojo, mvuvi, na mzazi wa mwanafunzi yuleyule anayesubiri dirishani pa duka la kutolea kopi. Mhadhiri huyo akiuza kitini, muhula baada ya muhula, na akamnyima alama asiyenunua, ile sababu iliyowaruhusu wanachuoni haipo kwake. Hazina haijakatika. Nimeliona hili katika chuo ambacho sitakitaja, na niliona wanafunzi wawili wakichangia kitini kimoja, mmoja akisoma usiku na mwingine alfajiri, siku chache kabla ya mtihani. Kilichoandikwa kwa fedha za umma kinadaiwa na umma, na hilo nalisema bila kusita. Anayeandika nje ya mshahara wake, usiku, kwa mafuta yake, ana haki ya kuuza, na Mungu ambariki. Akitoa wakfu, amechagua lililo bora zaidi kwa nafsi yake. Tunajua katika mafundisho ya Mtume kwamba elimu yenye manufaa ni moja kati ya mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa.

Mzee mwingine, profesa mstaafu ninayemheshimu sana, alinipinga kwa methali moja: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Alikuwa na maana kwamba taifa linalosomesha kwa vitabu vya kupewa litabaki uchi siku mwenye navyo akiondoka. Hoja yake ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Ni kweli kwamba nyenzo nyingi huria zinatoka Kaskazini kuja kwetu, na kwamba tangu jina lenyewe lilipotangazwa katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, Julai 2002, tumekaa zaidi upande wa kupokea. Ni kweli pia kwamba kitabu cha bure kinakuja na mawazo ya waliokiandika: nini ni kawaida, nani ni mfano, historia inaanzia wapi. Ila nguo ya kuazima hairuhusiwi kukatwa. Hii tumepewa pamoja na mkasi, na aliyetupa ameandika kwamba tukishona upya ni yetu. Tukiivaa ikiburura chini, hapo methali ya profesa inatuhusu.

Upo mfano wa kushona. Mwaka 2005 ulianzishwa mradi wa TESSA, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikishirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kuandaa moduli za mafunzo ya ualimu. Moduli zipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Ukiwapa wakufunzi moduli ya Kiswahili hawaulizi kama ni halali kuigusa, na nadhani najua kwa nini. Wanasikia sauti inayofanana na yao, na kalamu inawatoka mfukoni yenyewe. Lugha ya kigeni inamfanya msomaji awe mgeni ndani ya kitabu, na mgeni hahamishi viti. Hiyo ni sababu moja kubwa ya kusisitiza kwamba kazi ya kurekebisha ianze kwa Kiswahili, hata pale ambapo somo litafundishwa kwa Kiingereza. Mkufunzi akishaliandika jambo kwa lugha anayoiota, anajua kama amelielewa.

Mafunzo tunayowapa wahadhiri hayaligusi swali lile la uhalali na adabu ya kurekebisha. Siku mbili za warsha, posho, cheti, picha ya pamoja, na mada zinazohusu tovuti zipi, kitufe kipi, alama ipi ya leseni maana yake nini. Hayo yanahitajika, nami nayafundisha. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 kuhusu nyenzo huria linataja kujenga uwezo wa watu kama eneo la kwanza kabisa, na serikali zetu zina wajibu wa kulitimiza. Lakini uwezo wa vidole bila dhamiri iliyotulia hauzai kitu. Mtu ambaye moyoni bado anaona kurekebisha ni kuchezea cha wenyewe atarudi chuoni kwake na kukifungia cheti kabatini. Na mtu ambaye hakufundishwa adabu ya kutaja atachukua sura nzima, atafuta jina la mwandishi na kuweka la kwake. Nalo nimeliona, likiwa limefanywa na mtu mwenye cheo. Wa kwanza anaogopa alichoruhusiwa na wa pili haogopi alichokatazwa. Wote wawili wangesaidiwa na saa moja ya kusoma pamoja ile dibaji ya Nawawi, au kwa Wakristo mfano ule wa talanta, kabla ya kompyuta kuwashwa. Ningependa kila mpango wa mafunzo ya aina hii uwe na saa hiyo.

Halafu kuna suala la hesabu. Katika vyuo vyetu vingi mhadhiri hupanda cheo kwa makala za majarida. Aliyekaa miezi mitatu akiigeuza sura ya kigeni kuwa sura inayosomeka Pemba, akataja vyanzo vyake vyote, akaitoa bure na ikatumiwa na vyuo vingine, kwenye fomu yake ya tathmini hana pa kuiandika. Kwa mizani hiyo hata Minhaj isingempandisha mtu cheo, kwa kuwa imetolewa katika kitabu cha mwingine. Mizani hiyo ina kasoro na inarekebishika. 

Basi naomba mambo mawili. Wakuu wa vyuo na wenyeviti wa kamati za taaluma, wekeni katika sera zenu kwamba nyenzo iliyorekebishwa na kutolewa kwa leseni huria ni kazi ya kitaaluma, ipitiwe na wenzake, ipewe alama, ihesabiwe; na kwamba kitini kilichoandikwa kwa muda wa umma hakiuzwi kwa mwanafunzi. Nanyi wakufunzi wenzangu, kabla ya muhula ujao chagueni somo moja tu mnalolisomesha kila mwaka. Tafuteni sura yake iliyo huria, irekebisheni kwa ajili ya vijana wenu, andikeni juu yake mmeitoa kwa nani, wekeni alama palipo na mkono wenu, chagueni leseni, kisha itoeni ili mwenzenu wa chuo cha pili aweze kuendelea pale mlipoishia.